Kivuli cha Yule Mdogo

Jioni ile uani kwetu tulikuwepo mimi, Mwanahawa. Mdogo wangu Saumu. Kitindamimba wetu Hamadi, aliyejifunika shuka la marehemu mama mpaka kichwani. Dada Frida, mwalimu wa chuo kutoka Dar es Salaam. Profesa wake wa Kizungu tuliyempa jina la Bwana Kofia kwa sababu hata jua likizama haivui. Na dereva wao Chande, aliyelala garini tangu alasiri na hakuona chochote. Kwenye pengo la uzio wa minyaa, amekaa chini na ametupa mgongo, alikuwepo jirani yetu Bi Tatu. Na nje ya uzio, pamoja na vijana wawili, kurunzi na jembe, alikuwepo baba yetu mdogo Kassimu. Ni hao tu. Siku hizi nusu ya kitongoji inasema ilikuwepo, na mimi siwabishii, lakini hawakuwepo.

Bi Tatu tumemzika juzi. Kabla jeneza halijainuliwa, mtu wa msikitini alisimama nje akatangaza kama ilivyo ada: mwenye kumdai marehemu aende kwa mwanawe, na anayedaiwa na marehemu naye aende huko huko. Sisi wanawake tulikuwa ndani, tumebanana chumba ambacho bado kilikuwa na harufu ya udi na maji ya kuoshea. Hakuna aliyeshtuka kwa tangazo, kwa kuwa kila mtu alijua Bi Tatu hakukopa wala hakukopesha hata kibiriti. Ila Saumu, ambaye sasa ni mtu mzima na mtoto mgongoni, alinishika kifundo cha mkono akaninong'oneza, "Dada, sisi je?" Nilimwambia anyamaze. Tangu wakati huo sijalala vizuri, na ndiyo maana nimekaa kuuandika mwaka ule.

Habari za wazazi wangu sitazieleza hapa. Baba alitangulia, mama akamfuata, na mimi nilikuwa nimeshaacha shule kidato cha pili ili nimuuguze, hayo yanatosha. Ninachokumbuka zaidi ni ukuta. Jiko letu lilikuwa banda la makuti lililoegemea chumba cha mbele, na ukuta wenyewe ulikuwa wa miti na udongo, kwa hiyo aliyekaa jikoni alisikia kila neno la barazani. Siku ya arobaini ya mama nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi za wali wa hitma, na upande wa pili wa ukuta wakubwa walikuwa wanatugawa. "Saumu aende kwa shangazi yake Mlingotini," ilisema sauti ya baba mdogo Kassimu. "Kupara samaki anajua, hatakuwa mzigo. Hamadi nitakaa naye mimi. Huyu mkubwa kuna mtu Dar anatafuta msichana wa kazi." Mtu akauliza, "Na shamba?" Baba mdogo akajibu, "Shamba halina miguu, litakimbilia wapi?" Wakacheka. Mkono wangu ukasimama wenyewe. Hapo hapo nikamsikia shangazi, "Mbona mbuzi imenyamaza? Mtoto anasikiliza huyo." Nazi ilikuwa imekwisha. Nikashika kifuu kitupu, nikaendelea kukikuna, meno ya mbuzi yakila ganda gumu, ili wao waendelee kusema na mimi niendelee kusikia. Mpaka leo mtu akikuna nazi ikafika kwenye kifuu, namnyang'anya nikamalizie mwenyewe.

Bi Tatu alikuwa anapitisha birika na beseni la kunawia. Hakuwa ndugu yetu. Alikuwa mjane wa shamba la pili, mwanamke mfupi mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Nilisikia beseni likiwekwa chini. "Niwieni radhi, mimi si wa ukoo," alisema, "lakini mnagawa watoto kama nyama ya akika. Paja huku, mbavu kule." Baba mdogo akamwambia, kwa adabu ile inayouma, "Bi Tatu, mama yangu, haya ni ya ukoo." "Sawa. Na kulala nao, atalala nani? Ukoo?" Akaendelea, "Nipeni mwaka. Mpaka hitma ya mwaka wa mama yao. Nitahamia na mkeka wangu. Likitokea jambo moja tu, la aibu au la upuuzi, mizigo yao nitaifunga mimi kwa mikono hii." Baba mdogo akauliza, "Unadhamini?" Akajibu, "Nadhamini," kisha akainua birika lake na kumwambia aliyefuata anawe, wali unapoa.

Alihamia jioni ile ile. Mkeka wake aliutandika mlangoni, kwa ndani, ili anayeingia ampite yeye kwanza. Watu hudhani ukishapata mtu wa kukulinda hofu hupungua. Mimi yangu ilizidi, kwa sababu sasa kulikuwa na sharti. Jambo moja tu. Hamadi akipanda mti nilimwona ameanguka na mizigo imefungwa. Moshi wa jiko ukielekea makutini nilimwaga maji na kuharibu mchuzi. Niliacha kwenda arusi, niliacha kuzungumza na vijana njiani, niliacha hata kucheka kwa sauti. Tulikula bada ya muhogo na kisamvu, bada na dagaa, bada na chochote, na kila nilipopakua niliwatazama wadogo zangu kwenye sinia wakigombania ukoko, nikajiuliza kama ndiyo mara ya mwisho mikono hii kukutana kwenye chombo kimoja. Saumu hakuwa anauliza kitu kingine siku hizo ila, "Dada, wanakuja lini kutuchukua?"

Na nje nako kulikuwa na hofu yake. Mwaka ule viwanja vya Mapinga vilikuwa vinakimbia kuja kwetu. Wapima ardhi walifika na magari meupe, wakasimamisha vyombo vya miguu mitatu, mmoja akachungulia, mwenzake akashika fimbo ya rangi. Wakaondoka, wakabaki vigingi. Baada ya vigingi hufuata matofali, na mwenye mikorosho yake huambiwa kwamba si yake tena. Mzee mmoja wa upande wa barabara aliamka akakuta kigingi kati ya jiko lake na choo chake. Kwa hiyo mtoto wa kwetu hata aliyekuwa hajui kusoma alijua mambo mawili: ukiona chombo cha miguu mitatu, mwite baba, ukiona kigingi, usikiguse, lakini lia.

Gari la Dada Frida na wenzake nalo lilikuwa jeupe. Aliyeshuka alikuwa mwanamke mwembamba mwenye suruali na ushungi wa heshima ya muda, aliovaa vibaya, masikio yote nje. "Hodi wenyewe. Shikamoo mama." Bi Tatu alikuwa anapepeta mchele. "Marahaba. Mnanunua nini?" "Hatununui kitu, mama." "Basi mnauza." "Hatuuzi. Tunaomba kuazima ua wenu kwa jioni moja." Bi Tatu akaweka ungo chini. "Nimeazimwa kinu. Nimeazimwa sufuria lisirudi. Ua bado. Kaa, mwanangu, na hilo shungi livue tu, linakutesa."

Dada Frida akakaa, akaeleza. Alisema mbali sana, kuliko sayari zote tulizofundishwa shuleni, kuna sayari ndogo ya barafu. Ni ndogo na mbali kiasi kwamba hata darubini kubwa huiona kama nukta. Ina mwezi wake. Jioni moja, wiki chache mbele, sayari hiyo na mwezi wake vingepita mbele ya nyota, na mwanga wa nyota ungezibwa, na kivuli kingetambaa juu ya dunia. Walikuwa wamepiga hesabu kwamba kivuli cha sayari kingekata pwani hapa kwetu. Watu wangewekwa mahali mbalimbali kando ya njia yake, na ua wetu ulikuwa wazi upande unaotakiwa, na giza lake zuri, halina taa za barabarani. Ukijua nyota imezimika kwa muda gani, alisema, unajua kilichoiziba kina upana gani.

"Kumbe ni kupatwa," alisema Bi Tatu. "Kama mwezi unavyopatwa. Nyota inapatwa." Dada Frida akafurahi, "Ndiyo, mama, hivyo hivyo." Bi Tatu akatikisa kichwa. "Mwezi ukipatwa tunausalia. Nyota masikini ikipatwa, nani huisalia?" Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikitafuta maneno ya kukataa. Wageni, gari, chombo cha miguu mitatu: kama hilo si jambo la upuuzi, basi la upuuzi ni lipi? Ndipo Saumu, aliyekuwa nyuma yangu, akauliza, "Na huo mwezi wake, nao una kivuli chake?" Dada Frida akageuka kumtazama. "Unacho. Lakini hatujui vizuri kitapita wapi." Ilikuwa mara ya kwanza tangu arobaini Saumu kuuliza jambo lisilokuwa la kuchukuliwa. Bi Tatu akaninyooshea ungo. "Mwenye nyumba ni yule pale. Muombeni yeye." Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nikasema waje. Nilisema nikiwa na hofu, na sikuacha kuwa na hofu.

Wakarudi mara kadhaa kabla ya siku yenyewe, na kila wakija walileta mkate na sukari, nasi tuliwapikia. Nakumbuka magharibi moja mvua ilitukimbiza sote jikoni, Bwana Kofia magoti yamefika masikioni kwenye kibao chetu kidogo, akila mihogo ya nazi na kusema "tamu, tamu", neno pekee alilolijua. Dada Frida aliomba nazi na limau. Akaweka kibatari mwisho wa jiko, akapitisha nazi mbele ya uso wa Hamadi mpaka mwanga ukamtoka machoni, halafu limau nyuma yake. "Nazi ni sayari. Limau ni mwezi wake. Kibatari ndiyo nyota." Akasema huko waliko jua lenyewe huonekana kama nyota kali tu, halitoi joto la kuanika hata chembe ya chumvi. Akasema wanadhani wawili hao wamegeukiana, huyu anamtazama yule, yule anamtazama huyu, wanazunguka pamoja hivyo hivyo na hakuna anayempa mwenzake mgongo. "Na nani aliyewatupa huko?" aliuliza Bi Tatu. Dada Frida akatafuta jibu. "Labda hakuna aliyewatupa, mama. Labda ndiko walikobaki, wengine walipopata mahali." Hapo niliinuka nikajifanya nachochea moto. Kwangu haikuwa habari ya nyota. Nilikuwa nikiona baridi hiyo, na giza hilo, na nilikuwa nafikiri: angalau hao wako wawili.

Kosa lilifanyika hivi. Darubini ilitakiwa isimame mahali pale pale walipopapimia, bila kusogea. Kwa hiyo Bwana Kofia alichonga vigingi vitatu, akavipigilia uani, kimoja kwa kila mguu wa darubini, na ili vionekane jioni akavipaka chokaa. Alipokuwa anapaka, mimi nilikuwa kisimani. Niliporudi nikaviona vinang'aa, ndoo ikanitoka kichwani. Bi Tatu aliyekuwa amelala mchana alitoka, akavitazama, akakaa kizingitini. Nilitaka kuving'oa. Akasema, "Usiguse. Wameshaviona walioviona." Na kweli, kabla ya siku kwisha habari ilikuwa imefika dukani kwamba yatima wa marehemu wamepimisha shamba kwa siri, wamwuzie Mzungu kabla mwaka haujakwisha. Baba mdogo alituma ujumbe kupitia muuza mkaa: "Waambie watoto wafunge nguo zao. Na yule mdhamini wao akumbuke alichosema."

Siku yenyewe mawingu yaliondoka alasiri. Tulisali magharibi, wageni wakaunga waya zao. Picha ya nyota ilikuja kwenye kompyuta ndogo, tukaizunguka: doa jeupe, dogo kama punje ya mtama, likitetemeka kidogo. Dada Frida akaomba taa zote zizimwe. "Hata kibatari. Mwanga ukiingia kwenye darubini tumeharibikiwa." Nikazima. Giza lilikuja na sauti zake, na ndani ya sauti hizo nikasikia viatu. Kisha nikaona kurunzi mbili njiani, zinayumba, zinakuja. Nguo za Saumu na Hamadi zilikuwa ndani, zimefungwa kwenye kanga. Nilizifunga mwenyewe adhuhuri, kwa sababu sikutaka Bi Tatu azifunge.

Sikujua nishike lipi, watoto au mlango. Bi Tatu hakuniuliza. Alikwenda kwenye pengo la minyaa, ambalo ndilo lango letu, akakaa chini kabisa, akanyoosha miguu yake ikaziba njia kutoka mnyaa hadi mnyaa. Nilisikia kila neno, kama siku ile ya nazi. "Zima kurunzi, Kassimu." "Nipishe, Bi Tatu." "Zima kwanza. Kuna kupatwa." "Kupatwa kwa nini? Mwezi haujatoka." "Kwa nyota." "Usinichezee shere, mama." "Nikuchezee shere na umri huu? Tangu lini nikakutania juu ya kupatwa?" Kurunzi moja ikazimika. Baada ya kitambo ya pili. Lakini jembe nililisikia likigonga jiwe. "Nimekuja kung'oa vigingi na kuchukua watoto wa kaka yangu. Nipishe." "Njia hiyo hapo. Niruke."

Msomaji asiye wa kwetu huenda asielewe kwa nini mtu mzima mwenye jembe na vijana wawili alisimama. Mtu mzima haruki miguu ya mwanamke aliye sawa na mama yake. Hata mtoto akiruka miguu ya mkubwa kwa bahati mbaya hurudi kinyumenyume akairuka tena kuondoa nuksi. Na Bi Tatu ndiye aliyemkanda mama yake Kassimu alipomzaa. Akasimama. Mmoja wa vijana akacheka, "Bosi, mbona kama umeota mizizi?" Akaambiwa afunge domo.

Nyuma yangu Dada Frida alikuwa anasema kwa sauti ya chini, "Sasa. Sasa hivi. Tazameni." Tulitazama lile doa. Halikuzimika. Alisubiri, akasubiri zaidi, kisha akashusha pumzi na kusema kitu kwa Kiingereza, na Bwana Kofia akavua kofia. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba wameshindwa: kivuli cha sayari kilikuwa kimepita pengine. Tumeleta balaa lote hili nyumbani, nikawaza, kwa ajili ya kitu ambacho hata hakikuja. Nilimvuta Hamadi nikamwingiza ndani ya kanga yangu. Saumu hakusogea. Alikuwa ameinama karibu na kioo mpaka pua yake inang'aa. "Bado yule mdogo," alisema. Dada Frida akamwambia kwa upole, "Saumu, yule hatumtegemei hapa." Saumu akarudia, "Bado yule mdogo."

Nyota ikazimika.

Haikufifia. Ilikuwepo, ikawa haipo, pakabaki peusi. Nilihisi baridi ya ajabu, ingawa najua kivuli hakina baridi. Nilihisi kwamba kitu kilichoko mbali kuliko yote kimeweka kiganja juu ya ua wetu, juu ya jiko na kisima na vigingi na sisi watatu, na kwamba kikiondoa kiganja huenda tusiwepo. Nilimkaza Hamadi mpaka akalia, "Dada, unaniumiza." Kisha nyota ikarudi, mahali pake, inatetemeka kama mwanzo. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Saumu alipiga ukelele, "Ni yule mdogo! Kapita kwetu yule mdogo!" na Dada Frida alikuwa anacheka na kulia, akimpiga mgongo profesa wake kama anayemtoa mwiba wa samaki.

Bi Tatu akaondoa miguu. Baba mdogo aliingia, akawasha kurunzi, akamulika darubini, akatumulika sote nyuso. "Mnapima nini hapa?" "Tulikuwa tunapima kivuli, mzee," alisema Dada Frida. "Kivuli cha nini?" "Cha mwezi mwingine. Si huu wetu." Alimtazama kama anayetazama mtu wa kuhurumiwa. Nilijua maneno hayo hayatatusaidia, na wala hayakutusaidia. Aliyetusaidia ni Bi Tatu, aliyekuja nyuma yake anajipangusa mchanga. "Kassimu, ulikuja kung'oa vigingi. Ng'oa basi, wenyewe wameshamaliza navyo. Si ndiyo, mwanangu?" Dada Frida akasema ndiyo, hawavihitaji tena. "Ng'oa, uwaambie huko dukani umeviona na umeving'oa wewe. Vigingi vikiondoka, jambo liko wapi? Na kama jambo halipo, watoto unawachukua kwa lipi?" Baba mdogo aliving'oa vyote vitatu, kimoja kimoja, kwa nguvu nyingi kuliko vilivyohitaji, akavitia begani akaondoka navyo kama mtu aliyeua chatu. Watoto hakuwataja. Mpaka hitma ya mwaka hakuja tena, na siku ya hitma alikula wali wake, akasema nazi imekolea.

Tulibaki pamoja. Sitaki kusema kwamba hofu iliisha; mpaka leo Hamadi akichelewa kupokea simu nasimama. Lakini jioni ile, wageni walipokuwa wanafungasha, Saumu alimkimbilia Bi Tatu, "Bibi, umeona? Umeona ilivyozimika?" Akajibu, "Nitaona wapi, mjukuu wangu? Nilikuwa natazama magoti ya Kassimu." Saumu akaanza kulia kwa uchungu. "Ilichukua muda gani?" aliuliza Bi Tatu. "Kufumba na kufumbua." "Basi usilie. Nawadai kufumba na kufumbua. Mtanilipa." Na alitudai kweli. Kila Dada Frida alipopiga simu kutusalimu, Bi Tatu aliuliza kwa mbali, "Deni langu lini?" Kivuli kimoja kilisemwa kingepita, kikaangukia baharini. Kingine kilipita nchi za watu. Halafu macho yake yakaingia mtoto wa jicho, akawa anauliza hivyo hivyo.

Jana, watu walipopungua matangani, nilimwendea mwanawe, Kaka Idrisa, aliyekuja kutoka Tanga na ambaye hatukuzoeana naye. Nilimwambia, "Kaka, mimi na wadogo zangu tunadaiwa na marehemu." Akachomoa kalamu sikioni. "Kiasi gani, dada?" "Si fedha." "Basi nini?" Nikamweleza kwa kifupi, miguu, pengo, nyota. Alinisikiliza mpaka mwisho, na niliona anadhani msiba umenizidi. Alinishika bega kwa huruma. "Mimi ndiye mrithi wake, dada yangu. Deni hilo nimesamehe."

"Usisamehe," nilimwambia. "Kaka, tafadhali, usisamehe."